Mjane wa Kifaru

Kwa miaka kumi na tisa aliijua nchi kwa kuitazama juu ya bega la mumewe. Alijua kona za barabara ya milimani, mashimo ya barabara ya bandarini, na vituo vyote vya mafuta ambavyo ufunguo wa choo huombwa dirishani. Mkono wa kushoto wa mumewe ukishuka gotini, alijua kona kali inakuja. Ukipiga tangi mara mbili, alijua mtu amechoka na chai inatafutwa. Yeye mwenyewe hakuwahi kushika usukani wa pikipiki, wala hakuona haja.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia. Alikaa chumba cha nyuma cha kliniki ya meno, chumba chenye dirisha moja, sinki iliyoganda plasta, na meza iliyojaa midomo ya watu ya plasta iliyopangwa kwa majina. Daktari alichukua alama ya mdomo wa mgonjwa huko mbele. Yeye huku nyuma akamwaga plasta, akachonga nta, akapanga jino baada ya jino, mpaka mtu aliyeingia amejiziba mdomo kwa leso akatoka akitafuta kitu cha kuchekea. Watu walimwita Mama Meno, na jina hilo likamfuata mpaka barabarani.

Mumewe alikuwa fundi wa umeme, wa wale wanaopanda nguzo. Mtu mrefu, mpole, mwenye mapenzi mawili ambayo hakuyaficha: mkewe na pikipiki yake. Ukimuuliza mkewe lipi lilitangulia, alikujibu kwamba inategemea hali ya hewa.

Sasa, wapenda safari ndefu za pikipiki katika mji ule walikuwa makundi mawili, na makundi hayo hayakuivana. Kundi la kwanza lilipanda aina moja ya pikipiki nzito, pana, yenye mngurumo unaotikisa vikombe kabatini. Hizo waliziita Vifaru. Kundi la pili lilipanda aina nyingine, nyembamba na nyepesi, inayopita kama mtu aliyesahau kitu. Hizo ziliitwa Swala. Majina ya viwandani yaliandikwa kwenye matangi kwa herufi kubwa na hakuna aliyeyatumia.

Watu wa Vifaru walisema Swala ni cherehani, ukiwa safarini unaweza kushonea suruali. Watu wa Swala walijibu kwamba mwenye Kifaru hahitaji ramani, akipotea anafuata matone yake ya mafuta mpaka nyumbani. Kila kundi lilikuwa na mgahawa wake wa chai. Njiani, mtu wa Kifaru akikutana na mwenzake alishusha mkono kumsalimu. Akikutana na mtu wa Swala alitazama kioo chake cha pembeni, kama aliyeona jambo kubwa huko nyuma.

Mama Meno, mwanzoni, aliwapungia wote.

"Yule si wetu," mumewe alimwambia kwa sauti ya kushindana na upepo.

"Ana nini?"

"Ana Swala."

"Ulivyosema, nilidhani ni ugonjwa."

Mwenyekiti wa chama cha Vifaru alikuwa mdogo wake mumewe, mwenye duka la rangi za nyumba. Kila mtu alimwita Mwenyekiti, hata mkewe. Alikuwa mfupi kuliko kaka yake na sauti yake ilikuwa kubwa mara mbili. Meno yake manne ya mbele yalikuwa kazi ya shemeji yake, baada ya yale ya kuzaliwa nayo kubaki kwenye kivuko cha reli alipoanguka na Kifaru. Hakukilaumu Kifaru hata siku moja. Aliilaumu reli.

Mume alifariki Jumanne asubuhi, nyumbani, ameinama anafunga kamba za viatu. Moyo. Alikuwa na miaka hamsini na saba. Siku ya maziko Vifaru thelathini na kimoja vilisimama mstari mmoja barabarani, na vilipoondoka vyote kwa pamoja madirisha ya jirani yalilia. Mwenyekiti alimshika shemeji yake mkono akamwambia, "Shemeji, kile Kifaru hakiuzwi. Kile ni kaka." Mama Meno akaitikia kwa kichwa. Siku ile angeitikia chochote.

Kwa miezi mitano Kifaru kilikaa barazani kimefunikwa shuka. Jumapili moja alilitoa shuka alifue, akakipangusa vumbi, kisha akapanda. Si nyuma, mbele. Akakaa pale kwa muda, mikono kwenye usukani, akitazama ukuta. Halafu akaingia ndani kupiga simu.

"Shemeji, nifundishe."

Mwenyekiti alifika kabla chai haijachemka.

Haki yake apewe: alikuwa mwalimu mzuri. Alimpeleka kwenye uwanja wa maonyesho, ambao kwa miezi kumi kila mwaka hauna shughuli, akamfundisha klachi, gia na breki bila kufoka, jambo lililowashangaza waliomjua. Baada ya Jumapili nne Mama Meno alikuwa anazunguka uwanja mzima bila kuzima injini. Kwenda haikuwa shida. Shida ilikuwa kusimama. Alikuwa mwanamke mfupi, na akikaa juu ya Kifaru ni ncha za vidole tu zilizogusa chini. Kifaru kikienda ni kama umekaa kwenye kochi lako. Kikisimama vibaya, ni kama nyumba yote inakulalia.

Mara ya kwanza kilimlalia getini kwake. Mara ya pili ilikuwa kituo cha mafuta, mbele ya foleni. Watu wanne walikuja kukiinua, mmoja wao mtu wa Swala, naye alikuwa na adabu ya kutocheka mpaka alipofika kwenye pampu yake.

"Utazoea," Mwenyekiti alisema. "Vaa viatu vya soli nene."

Alikwenda kwa fundi viatu akaongezewa soli, unene wa vidole viwili. Akawa anatembea kliniki kama mtu anayevuka dimbwi. Wiki iliyofuata, kwenye mteremko wa posta, akasimama kupisha lori, na Kifaru kikalala mara ya tatu. Safari hii kifundo cha mkono wa kulia kilikuwa chini yake.

Hakikuvunjika, kiliteguka. Lakini kwa mchonga meno, mkono wa kulia ndio ofisi. Alikaa wiki tatu hashiki kichongeo.

"Nina wazee sita wanakunywa uji kwa sababu yako," daktari wa meno alimwambia. Hakuwa anatania sana.

Binti yake, mwalimu wa hesabu wa sekondari, alikuja kumfulia na kumpikia. Siku ya pili alisimama barazani akakitazama Kifaru. "Mama, nimesoma kitabu chake. Uzito wake ni mara nne na nusu ya wako. Hili si suala la moyo. Ni hesabu."

"Baba yako alikiweza."

"Baba alikuwa na miguu kama nguzo zake."

Mkono ulipopata nafuu alikipeleka Kifaru kwa fundi kubadilishiwa mkono wa breki uliopinda. Fundi huyu, aliyeitwa Grisi, alitengeneza aina zote mbili, na uani kwake ndipo mahali pekee mjini ambapo Vifaru na Swala vilisimama pamoja bila ugomvi, labda kwa kuwa vyote vilikuwa vinaumwa. Grisi alikuwa mtu wa maneno machache. Aliutazama mkono wa breki, akautazama mkono wa Mama Meno uliofungwa bandeji, kisha akaonyesha kona ya ua kwa kidevu.

"Mama, kuna kitu pale. Kaa tu. Kukaa si kununua."

Ilikuwa Swala ya kijivu, ya mtu aliyehamia mji mwingine. Mama Meno alitazama getini kwanza kuona kama kuna anayepita. Hakuna. Akapanda. Nyayo zake zote mbili zikatua chini, kisigino mpaka kidole, na goti likabaki na nafasi ya kukunja. Akaitikisa kushoto na kulia, ikamtii. Akacheka kwa sauti. Halafu kicheko kikageuka njiani, akawa analia, na Grisi akaondoka kwenda kutafuta spana aliyokuwa ameishika mkononi.

Alifikiri kwa siku kumi na moja, kisha akainunua.

Hakuthubutu kuipeleka nyumbani. Aliiacha palepale uani kwa Grisi, nyuma ya gari bovu. Kila Jumamosi alimwambia shemeji yake kwamba kazi zimemzidi kliniki, akaenda kuichukua. Siku ya kwanza alifika bwawa la maji. Ya pili, kiwanda cha saruji. Ya tatu alivuka daraja jipya, akasimama ng'ambo, akazima injini, akayaacha masikio yake yapoe. Aligundua kwamba anazipenda kona. Aligundua pia kwamba kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameona nusu tu ya kila barabara, nusu ya upande wa bega alilochungulia, na kwamba kuna mlima mzima upande wa pili wa barabara ya saruji ambao hakujua upo.

Akirudi nyumbani alipita barazani haraka, macho pembeni, kama mwanafunzi aliyechelewa anayepita mlango wa mwalimu mkuu. Kile kilichofunikwa shuka hakikumuuliza kitu. Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Mwaka ukatimia. Chama kiliamua kufanya safari ya siku nne ya kumkumbuka marehemu, mpaka kwenye chemchemi za maji moto na kurudi. Mwenyekiti alikuja na karatasi aliyoichora kwa kalamu tatu za rangi.

"Kifaru cha kaka kitaongoza. Nitampa mtu mzoefu. Wewe utakaa nyuma yangu."

"Nitaendesha mwenyewe, shemeji."

Uso wake ukachanua. "Umeweza?"

"Nimeweza."

Hakumwambia ameweza nini. Mwenyekiti aliondoka akipiga mluzi, na Mama Meno alikaa jikoni akijiona mwongo, kwa sababu alikuwa mwongo.

Siku ya safari alivaa koti la ngozi la mumewe. Alikuwa amelipeleka kwa fundi nguo likapunguzwa mikono na mabega, lakini mgongoni nembo ya Kifaru aliiacha ilivyokuwa. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi watu wa chama walikuwa kituo cha mafuta, Vifaru ishirini na sita, vikombe vya chai juu ya matangi. Walisikia cherehani inakuja. Wengine walianza kutabasamu, tayari na neno la kejeli. Kisha wakamwona aliyeipanda, na tabasamu zikabaki hazina mwenyewe.

Mwenyekiti aliweka kikombe chini.

"Shemeji."

"Shemeji."

"Hiyo ni nini?"

"Pikipiki."

"Naona ni pikipiki. Nauliza jina."

"Jina unalijua. Limeandikwa kwenye tangi."

"Kifaru kiko wapi?"

"Nyumbani. Kimenilalia mara tatu, sikutaka ya nne iwe milimani."

"Siku ya kumkumbuka kaka, unakuja na cherehani?" Sauti ilianza kupanda. "Mbele ya watu wote hawa? Kaka angekuwa hai..."

"Angekuwa hai ningekuwa nyuma yake," Mama Meno akasema, "na wewe usingejua urefu wa miguu yangu."

Mtu mmoja akacheka, akageuza kikohozi. Mwenyekiti hakumtazama. "Safu ya chama ni ya Vifaru. Ndiyo kanuni. Sikuiandika mimi."

"Uliiandika wewe," alisema mkewe kutoka nyuma.

"Niliiandika kwa niaba ya wanachama!"

"Basi sitaingia kwenye safu," Mama Meno akasema. "Barabara si ya chama."

Wakaondoka. Yeye akawafuata kwa umbali wa nusu kilomita, mahali ambapo mngurumo wao aliusikia kwa mbali tu. Alijaza mafuta kwenye pampu nyingine. Mchana, kwenye mgahawa, alikaa meza ya peke yake karibu na friji ya soda. Hakuwa amejiandaa kwa jinsi inavyochosha kula peke yako huku watu wote hao unaowafahamu wanajifanya hawakuoni. Baada ya dakika kumi mke wa Mwenyekiti alisimama na sahani yake akaja kukaa naye.

"Usimjali. Hata redio nyumbani anaigombeza hivyohivyo."

"Amenuna kweli?"

"Amenuna. Ila amekula sahani mbili, kwa hiyo hajanuna mpaka tumboni."

Siku ya pili, chini ya mlima mkubwa, kuna mahali pa kupumzikia ambapo kila msafiri husimama kabla ya kupanda. Walipofika waliwakuta watu wa Swala kumi na mmoja wanatokea upande mwingine. Kiongozi wao alikuwa mfamasia, mtu mcheshi, wa aina ile isiyojua mzaha unaishia wapi. Waliiona Swala ya kijivu. Waliona nembo ya Kifaru mgongoni mwa aliyeipanda. Habari yake walikuwa nayo tayari, kwa sababu mji ni mdogo na vituo vya mafuta vina masikio.

"Mjane wa Kifaru!" mfamasia akapaza sauti makusudi, huku akitazama upande wa pili ambako Vifaru vilikuwa vimesimama. "Karibu nyumbani, mama! Angalau mmoja kwenye ile nyumba ameona mwanga!"

Wenzake wakapiga makofi. Mmoja akamletea kiti, mwingine bendera yao. Mama Meno alitabasamu mwanzoni, kwa sababu siku nzima hakuna aliyemchangamkia. Kisha mfamasia akatoa simu.

"Tupige picha moja. Vua koti, tulitandike hapa chini, nembo juu. Wewe ulikanyage na tairi la mbele, kidogo tu. Utani wa barabarani."

Mama Meno alivua koti. Upande wa pili wa uwanja Mwenyekiti alisimama wima, na watu wawili wakasimama naye. Lakini Mama Meno hakulitandika koti. Alilikunja mikono kwanza, kisha mabega, taratibu, kama anavyokunja nguo mtu anayejua itavaliwa tena, akaliweka juu ya tangi.

"Koti hili ni la mume wangu," akasema. Hakupaza sauti, lakini uwanja ulikuwa umetulia. "Alikuwa akivaa hili, nami nimelishika mgongoni miaka kumi na tisa. Mimi nimenunua pikipiki. Ugomvi wenu sikuununua."

"Mama, ni utani..."

"Wewe si mfamasia? Dawa ya utani mbaya unaijua?"

"Hapana, mama."

"Kunyamaza. Kutwa mara tatu."

Walicheka watu wa pande zote mbili, na kwa jinsi mambo yalivyokuwa, hilo lilikuwa jambo jipya. Mfamasia akaweka simu mfukoni. Kwa kweli hakuwa mtu mbaya. Alikwenda dukani akarudi na soda baridi, akamwekea mbele. "Samahani, mama. Nilivuka mpaka." Mama Meno aliinywa soda yote, akavaa koti, na kwa kuwa hakutaka kukaa katikati ya makundi mawili yanayomtazama, akaondoka kwanza. Aliupanda ule mlima wenye kona thelathini na nane akiwa peke yake, mbele ya kila mtu. Baadaye, alipoulizwa safari ile ilikuwaje, jambo la kwanza alilotaja ni zile kona.

Asubuhi yake, kwenye nyumba ya wageni karibu na chemchemi, Mama Meno alitoka na kikombe cha chai akamkuta Mwenyekiti uani na kitambaa. Alikuwa na desturi ya kupangusa umande kwenye viti vya pikipiki zote kabla watu hawajaamka. Alikuwa amefika kwenye Swala, akasimama.

"Kaka aliwahi kukaa juu ya hii," akasema bila kugeuka.

"Ipi?"

"Siyo hii yenyewe. Aina hii. Uani kwa Grisi. Mgongo ulikuwa unamuua, shemeji. Kifaru kilikuwa kizito kwake pia, alikuwa hasemi tu. Akaniita nikaione, akaniuliza waonaje. Nikamwambia akihamia Swala asiniite mdogo wake." Akakikamua kitambaa ingawa hakikuwa na maji. "Nilikuwa natania. Nusu. Akacheka, akashuka, akarudi kwenye Kifaru. Miaka miwili kabla hajafa."

Mama Meno aliufahamu ule mgongo. Kila Jumapili jioni aliupaka dawa ya kuchua.

"Aliniambia ni nguzo," akasema. "Aliniambia ni kwa sababu ya kupanda nguzo."

Mwenyekiti akakikunja kitambaa mara mbili.

Hasira iliyompanda Mama Meno ilikuwa juu ya watu wawili, mmoja aliyesimama mbele yake na mwingine ambaye hangeweza tena kumgombeza. Mumewe alikuwa amemficha kitu kilekile ambacho yeye alikificha nyuma ya gari bovu. Wote wawili walimwogopa mtu mmoja, na mtu huyo ndiye huyu, mfupi, na kitambaa mkononi.

"Hakufa kwa mgongo," akasema mwishowe. "Alikufa kwa moyo. Daktari alinieleza."

"Najua."

"Basi hilo usilibebe, si lako. Lakini la mgongo ni lako."

Mwenyekiti alifikiri. "Ni langu," akasema. Kisha akakipangusa kiti cha Swala, haraka, kama mtu anayeshika sufuria la moto, akahamia ya pili yake.

Waliporudi mjini, Mama Meno alikwenda moja kwa moja kwa Grisi.

"Ulijua mume wangu aliijaribu Swala hapa?"

"Nilijua."

"Hukuniambia."

"Mama," Grisi akasema, akiwa amelala chini ya pikipiki, "mimi natengeneza pikipiki. Midomo ya watu ni kazi yako."

Mwezi uliofuata, kwenye mkutano wa chama, mke wa Mwenyekiti alitoa hoja kwamba kanuni ibadilishwe, mjane wa mwanachama aruhusiwe kwenye safu kwa pikipiki yoyote. Walipiga kura. Kumi na saba walikataa, tisa walikubali. Mwenyekiti alimfuata shemeji yake kliniki siku hiyohiyo, akasimama mlangoni mwa chumba cha nyuma, kwa kuwa ndani hapakuwa na pa kukanyaga.

"Nimepiga kura ya kukukataa. Nimeona uisikie kwangu. Chama cha Vifaru kikichukua Swala kitakuwa chama cha nini?"

Mama Meno alikuwa anapanga magego ya mzee mmoja. Hakuinua kichwa. "Hapo una haki. Lakini sikuomba."

"Najua hukuomba."

"Basi ingia au toka, unaniletea vumbi kwenye nta."

Jambo lililowatenganisha kweli lilikuja baadaye. Mama Meno aliuza Kifaru. Hakutangaza, Grisi ndiye aliyemleta mnunuzi, afisa misitu, mwanamke mrefu kama mlango, ambaye alipokaa juu yake miguu yake ilitulia chini kama ilivyotulia ya marehemu. Mama Meno alimpa funguo siku hiyohiyo kabla hajabadili mawazo. Alipolikunja lile shuka na baraza ikabaki tupu, alilazimika kukaa kidogo kwenye ngazi. Lakini hakujuta. Aliona ni heri chombo kiende na mtu kuliko kikae kikisubiri aliyekwisha kwenda.

Mwenyekiti hakukanyaga nyumba ile kwa wiki sita. Mkewe ndiye aliyekuja, akileta salamu ambazo hakutumwa. Kisha dereva mmoja wa malori akahadithia dukani kwamba amekiona kile Kifaru kaskazini, kilomita mia nne, kimejaa matope mpaka taa, kimefungwa miche ya miti nyuma. Siku hiyo Mwenyekiti alifunga duka mapema. Alifika kwa shemeji yake akakataa kukaa.

"Yule mama anakitunza?"

"Anakichafua."

Mwenyekiti akatafakari. "Vizuri," akasema. "Kaka alikuwa anakiosha mno." Ndipo akakubali chai.

Miaka mitatu imepita tangu hapo. Mama Meno husafiri mara mbili kwa mwaka, siku nne au tano, mara nyingi peke yake. Mwaka jana alifika mpakani, siku mbili kwenda na siku mbili kurudi, mvua ikamnyeshea njia nzima ya kurudi, na Jumatatu alikuwa kazini na midomo kumi na mmoja inamsubiri mezani. Anasalimia kila pikipiki anayokutana nayo. Vifaru vingine hujibu, vingine hutazama kioo.

Tangu mwezi wa nne amekuwa akimfundisha mke wa Mwenyekiti, nyuma ya maghala ya nafaka, Jumapili asubuhi kabla jua halijawa kali. Miguu ya huyo ni mifupi zaidi kuliko yake, kwa hiyo wanatumia Swala. Mwenyekiti huwaambia watu kwamba ni ya kujifunzia tu. Yeye hukaa juu ya matofali pembeni akipaza sauti za maelekezo ambayo hakuna aliyeyaomba, na injini ikimzimikia mkewe humwambia ni klachi, na kweli huwa ni klachi. Mwezi wa nane wanawake hao wawili wanakwenda ziwani, siku tatu. Mwenyekiti ameombwa abaki kulisha kuku.